Mwaka wa Kumngoja Mgeni Rasmi

Mwezi uliopita tulimzika baba mkubwa Lazaro kijijini kwake, karibu na Mvumi, na wakati wasifu wa marehemu unasomwa nilifanya jambo la aibu: nilicheka. Kaka yangu Daudi, mwanawe wa kwanza, alikuwa amesimama mbele ya jeneza na karatasi mkononi, anasoma kwa ile sauti inayotakiwa msibani. Marehemu alizaliwa, alibatizwa, alioa, alikuwa mzee wa kanisa kwa miaka mingi, alilima karanga na uwele. Halafu akafika pale: "Aidha, marehemu aliwahi kuwa mgeni rasmi katika uzinduzi wa vitabu vya watoto kwenye maktaba ya chuo kikuu, Dodoma mjini." Waombolezaji wakatikisa vichwa kwa heshima. Mzee mmoja nyuma yangu akanong'ona, "Kumbe alikuwa mkubwa hivyo?" Nikajifunika uso kwa kanga, mabega yakitikisika, na mama mmoja nisiyemjua akanikumbatia akiniambia jikaze, mwanangu. Nilipochungulia nikamwona Mama Loi, aliyekuwa mkutubi wetu chuoni. Alikuwa amekaa upande wa pili wa turubai, kitambaa kimeziba mdomo, na mabega yake nayo yanatikisika. Naye walikuwa wanamfariji.

Mwaka wa uzinduzi huo nilikuwa mwaka wa tatu, nasomea ualimu wa watoto wadogo, na nilikuwa mbioni kudisko. Wanafunzi wa vyuo vyetu wana neno hilo kwa mtu anayefukuzwa kwa kufeli. Hakuna muziki wowote ndani yake. Katika mazoezi ya kufundisha nilipangiwa darasa la kwanza kwenye shule moja huko Mkonze, darasa lililojaa watoto mpaka dirishani, na kitabu kimoja cha kusomea kikizungushwa mkono kwa mkono kama kapu la sadaka. Siku mkaguzi wa chuo alipokuja nilikuwa na chaki, ubao na mdomo wangu. Nikachora punda. Nikauliza, "Huyu ni nani?" Darasa zima likajibu kwa furaha, "Mbwaaa!" Nikawaomba watazame tena vizuri. Wakatazama, kisha msichana mmoja wa mbele akasema kwa huruma, "Ni mbwa mgonjwa, mwalimu." Mkaguzi, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akicheka, akaandika kwamba mwalimu hana zana. Chini yake akaongeza kwamba mchoro wa mbwa uboreshwe. Ukaguzi wa pili ungekuwa mwishoni mwa muhula, na nikiharibu tena ningefunga sanduku langu nirudi nyumbani. Siku hizi mimi mwenyewe ndiye ninayekaa nyuma ya darasa kukagua, na kila ninapomwona mwalimu mwanafunzi anaelekea ubaoni kuchora mnyama, nafumba macho kwa niaba yake.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba zana zilikuwepo. Zilikuwa kwenye maktaba ya elimu, katika chumba cha pembeni chenye pazia la bluu na feni iliyozunguka huku inalalamika. Zilifika mwanzoni mwa mwaka ndani ya maboksi, na mimi nilikuwa miongoni mwa wanafunzi walioitwa kuyabeba. Tulipoyafungua ilitoka harufu ya karatasi mpya na gundi, nikahisi njaa, sijui kwa nini. Mlikuwa na vitabu vikubwa vya hadithi, vikubwa kweli, vya kusimamisha mbele ya darasa hata mtoto wa nyuma kabisa akaona picha. Mlikuwa na kadi za herufi, na vikaragosi vya kuvaa mkononi, simba na sungura na bibi mwenye miwani, na ramani ya Tanzania ya mbao inayobanduka mkoa kwa mkoa. Na kulikuwa na punda. Punda wa kuchorwa na mtu anayejua punda, mwenye masikio ya punda, amejaza ukurasa mzima. Nikamtazama kama ndugu aliyepotea. Mama Loi akakichukua kile kitabu mikononi mwangu taratibu, akakifuta, akakipanga kwenye kabati la vioo pamoja na vingine vyote. Akafunga kwa ufunguo. Kisha akazungusha utepe mwekundu wa satini kutoka mlango wa kushoto hadi wa kulia na kuufunga fundo zuri kama la zawadi ya harusi.

Mama Loi alikuwa mwanamke nadhifu kupita kiasi, mwenye sauti ya chini iliyotisha kuliko kelele za mtu mwingine. Niliwahi kufika nyumbani kwake. Sebuleni alikuwa na kabati la vyombo vya wageni, vikombe vyenye maua ya dhahabu, na sisi tuliokuwa wageni siku hiyo tulinywea chai kwenye vikombe vya plastiki. Kwa hiyo nilijua ninakwenda kupambana na nani nilipomfuata pale kaunta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Tabitha. Hujambo?"

"Sijambo, mama. Naomba kuazima kitabu kikubwa kimoja. Kile cha punda."

"Havijazinduliwa."

"Nitakirudisha kesho asubuhi."

"Mwanangu, kitu cha umma hakitumiki kabla ya kuzinduliwa. Mgeni rasmi anakuja kukata utepe. Akikuta kitabu kina alama ya kidole, tutamwambia nini?"

"Tutamwambia kimesomwa."

Akanitazama juu ya miwani. "Una haraka sana wewe," akasema, na akaendelea kugonga mihuri.

Mgeni rasmi alikuwa mheshimiwa mmoja ambaye sitamtaja, na ambaye kusema kweli sijawahi kumwona kwa macho yangu, wala wenzangu pale chuoni. Mara ya kwanza tulimwandalia pilau la nyama ya ng'ombe na keki yenye umbo la kitabu kilichofunuliwa. Kabati zima lilibebwa hadi uwanjani, likawekwa chini ya turubai, na viti vya meza kuu vikavalishwa vitambaa vyeupe. Tulikaa tangu asubuhi. Mchana ikaja simu kwamba mheshimiwa amepata dharura. Pilau halijui dharura, tukalila. Mara ya pili Bunge lilikuwa linaendelea, na kipindi cha Bunge hapa Dodoma unakutana na wakubwa mpaka kwenye foleni ya chapati, lakini kumpata mmoja akae kwenye kiti chako ni kazi nyingine. Tukapika wali kuku. Dharura tena. Wanafunzi wakaanza kuupenda uzinduzi kwa namna yao, walikuwa wanapita maktaba na kuuliza, "Hivi mgeni haji tena lini?"

Nilikuwa nimepanga chumba Makole, katika nyumba isiyo na dari, kwa hiyo maneno ya chumba cha pili yalipita juu ya ukuta na kuniangukia kwenye sufuria. Jirani yangu alikuwa dereva wa mkubwa fulani, si huyu wetu. Jioni moja, nikiwa nakoroga mlenda kwenye jiko la mkaa mlangoni, nikamsikia anaongea na simu: "Mwambie mzee ana dharura. Ndiyo. Hapana, hakuniambia ni dharura gani. Andika dharura tu, inatosha." Nikapuliza moto, machozi yakanitoka, na haukuwa moshi peke yake. Kila uzinduzi ulioahirishwa ulinisogeza karibu na ukaguzi wa pili, na punda wangu alikuwa bado nyuma ya kioo amefungwa utepe. Niliogopa sana mwaka ule. Nasema hivyo kwa sababu watu nikiwasimulia habari hizi huwa wanacheka tu, nami hucheka nao, lakini usiku wa kuamkia kila uzinduzi nilikuwa naomba Mungu kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali.

Baada ya ile dharura ya pili nikampigia baba mkubwa Lazaro. Sikuwa namwomba kitu, nilitaka tu kusikia sauti ya nyumbani. Akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Yaani chuo kikubwa hivyo hakina vitabu?" Nikamwambia ni habari ndefu. "Basi nitakuja kukuona," akasema. Nikajibu karibu sana, kama mtu yeyote anavyojibu. Hakusema siku, wala mimi sikuuliza. Kwetu mzee hatoi taarifa anapokwenda kumsalimia mtoto wake.

Akaja siku ya uzinduzi wa tatu. Mama Loi alikuwa amempa askari wa getini maagizo mafupi: mgeni akifika asichoshwe na maswali, aletwe moja kwa moja. Naye baba mkubwa, kwa kuwa aliona kuingia chuo kikuu si jambo la kandambili, alikuwa amevaa suti yake nyeusi ya kusimamia ibada, tai, na viatu vilivyong'arishwa mpaka vinamulika. Chini ya kwapa alikuwa amebana kuku. Yaliyotokea getini nilisimuliwa baadaye na askari mwenyewe, ambaye hadi leo haoni alikosea wapi.

"Karibu, mzee. Wewe ndiye mgeni?"

"Ndiyo," akajibu baba mkubwa, mtu asiyejua kusema uongo. "Mimi ni mgeni."

Askari akampigia saluti, baba mkubwa akaipokea kwa kuvua kofia, na simu ikapigwa uwanjani: "Mgeni amefika!"

Chini ya turubai maneno hayo yalituamsha kama king'ora. Hatukuwa tumewahi kuyasikia. Kelvin, mwanafunzi mwenzangu kutoka Dar es Salaam aliyekuwa mshereheshaji, akadaka kipaza sauti: "Tusimame wote, tafadhali, mgeni rasmi ndiye huyo anaingia, itifaki imezingatiwa!" Kwaya ikaanza wimbo kabla ya wakati wake. Mimi nilikuwa nimeshika trei ya soda. Nikaona suti ninayoijua. Nikaona kuku.

Wakamkalisha katikati ya meza kuu, kwenye kiti cha kitambaa cheupe, wahadhiri kushoto na kulia. Kuku akapokelewa kwa mikono miwili na kufungwa kwenye mguu wa meza. "Mgeni wetu hakuja mikono mitupu!" akapaza Kelvin. "Ametuletea kuku kwa ajili ya maktaba! Makofi ya kutosha!" Makofi yakapigwa. Baba mkubwa akafungua mdomo kusahihisha, akaona watu wanavyofurahi, akaufunga. Yule kuku alikuwa wangu.

Ikawa lazima nipeleke soda meza kuu. Aliponiona uso ulimchanuka, akanyoosha mkono. "Mwanangu!"

Nikapiga goti. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda hivyo?"

Na hakuna aliyeshtuka. Kwetu kila mzee ni baba na kila binti ni mwanangu, ungeweza kumsalimia babako mzazi mbele ya umati mzima na wote wakadhani una adabu tu. "Mnamwona mgeni rasmi alivyo mtu wa watu?" akauliza Kelvin. "Ameona hata kwamba wanafunzi tumekonda!" Makofi mengine. Ningeweza kuinama sikioni mwake na kumwambia, baba, simama twende, wamekufananisha. Nilitazama kabati. Kupitia kioo, nyuma ya fundo la utepe, niliyaona masikio ya punda. Nikafungua soda, nikammiminia, nikarudi nyuma na trei yangu kimya kabisa.

Wakamwomba azungumze. Kwa mzee wa kanisa hilo si tatizo. Akasimama, akasalimia, "Mbukwenyi!" na wenyeji wote wakaitikia kwa kishindo, maana hakuna mheshimiwa aliyewahi kutuanza kwa Kigogo. Kisha akasema, polepole, kwa kile Kiswahili chake cha kupima kila neno: "Mimi nimekuja kumsalimia mwanangu. Mwanangu anasoma hapa. Aliniambia kwamba vitabu hakuna. Nimekaa hapa, naona vitabu vipo, vimejaa kabati. Sasa sielewi. Labda mnisaidie."

Wahadhiri wakatazamana, mmoja akachomoa kalamu mfukoni. Walikuwa wamezoea wageni rasmi wanaopongeza. Huyu alikuwa anawasema. Lakini baba mkubwa hakumsema mtu, alikuwa anangoja kweli aeleweshwe. Alipoona hakuna anayejibu akahamia kwenye jambo analolijua vizuri, yaani karanga, na kutoka kwenye karanga akaenda kwenye panya wa ghalani, na kwenye panya akakaa muda mrefu. Alieleza wanavyoingia, wanavyonenepa, na jinsi paka wake alivyo mvivu. Mhadhiri aliyekuwa karibu yangu akamnong'oneza mwenzake, "Hapa panya ni nani?" Mwenzake akafikiri kidogo. "Nadhani ni sisi," akasema. "Paka je?" "Paka ni utawala." Wote wawili wakaandika.

Ni wakati wa panya ndipo simu ya Mama Loi ilipotetemeka ndani ya mkoba. Akaitoa, akasoma. Nilimwona vizuri, nilikuwa nimesimama nyuma yake. Akamtazama baba mkubwa, akamtazama kuku, akageuka akanitazama mimi. Kisha akairudisha simu mkobani, akafunga zipu, akasimama na sahani yenye mkasi uliolazwa juu ya kitambaa. "Mgeni rasmi," akasema kwa ile sauti yake ya chini, "mkasi huu hapa. Tufungulie."

Baba mkubwa akaupokea mkasi. Akautazama utepe, akaushika, akaupima kwa vidole. Ulikuwa satini nzuri. Hakuwa mtu wa kukata kitu kizima bila sababu. Akaurudisha mkasi kwenye sahani, akainama, akalifungua fundo kwa subira, akauvuta utepe wote, akaukunja vizuri na kumkabidhi Mama Loi. "Utafaa kufungia kitu kingine," akamwambia. Kelvin akashusha kipaza sauti. Kisha watu wakapiga makofi mpaka kuku akaanza kupiga kelele.

Jioni nilimsindikiza stendi. Alikuwa amekula vizuri na amefurahi. "Hivi chuo chenu kinampokea kila mgeni namna hii?" akauliza. Nikamwambia si kila mgeni. Akatembea kidogo akitafakari. "Ni watu wakarimu sana. Ila kuku nilikuletea wewe." Sikumwambia ukweli siku ile, na kadiri miaka ilivyopita nikaona hakuna sababu. Alikuwa akiusimulia uzinduzi wake kanisani, kwenye harusi, kwa wajukuu, na kila mara kwa usahihi kabisa: aliitwa mgeni rasmi, akafungua vitabu. Ni lipi kati ya hayo ambalo halikutokea? Kila msimu wa mavuno alimtumia Mama Loi kiroba cha karanga, naye Mama Loi alimrudishia majani ya chai na sukari.

Kilichozinduliwa kinatumika, na Mama Loi alikuwa mtu wa taratibu. Kesho yake asubuhi kitabu cha punda kilikuwa kwapani mwangu. Siku ya ukaguzi wa pili nilikisimamisha juu ya meza mbele ya darasa, nikakifunua, na kabla sijauliza chochote watoto wakapiga kelele, "Pundaaa!" Yule msichana wa mbele akainuka, akamkagua mnyama kuanzia masikio hadi mkia, akanigeukia uso umejaa furaha: "Mwalimu, yule mbwa amepona!" Nikasikia sauti ngeni kutoka nyuma ya darasa. Mkaguzi alikuwa anacheka. Nilifaulu.

Baada ya mazishi tuliingizwa ndani, sebuleni kwa baba mkubwa, chumba chenye picha yake ukutani akiwa amesimama kando ya kabati la vioo na suti yake. Tuliletewa ugali wa uwele na mlenda wa karanga. Mama Loi siku hizi amestaafu, anatembelea fimbo, lakini bado anapangusa sahani kwanza. Nikakaa karibu naye.

"Mama, ulijua lini?"

"Kwenye panya," akajibu bila kuuliza ninasema nini. "Dereva wake aliniandikia. Mheshimiwa ana dharura."

"Na bado ukampa mkasi? Wewe, mama?"

Akamega tonge, akalichovya, akalitafuna lote kwanza. "Tabitha," akasema, "mwaka mzima nilialika mgeni. Huyu ndiye aliyekuja."

Kabla jua halijazama tulikwenda kuliaga kaburi. Mashada yalikuwa yamepangwa juu ya udongo mwekundu, maua ya plastiki mengi, na la Mama Loi lilikuwa la majani mabichi aliyoyachuma kwake mwenyewe, limefungwa kwa utepe wa satini uliofifia. Niliinama nikaufuata kwa kidole kutoka ncha hadi ncha. Ulikuwa mzima, haujakatwa popote. Hapo ndipo nilipolia.